Mpaka Huwekwa Kabla ya Kazi: Hotuba kwa Wabunifu wa Kujitegemea, Mombasa

(Hotuba hii niliitoa Mombasa mbele ya wapiga picha, wachoraji, wapiga video na wabunifu wa grafiki wanaojitegemea. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha; maneno ni yale yale.)

Assalamu alaykum. Hamjambo ndugu zangu, hamjambo dada zangu, na shikamooni wazazi mliokuja kujionea kazi wanayoifanya watoto wenu usiku kucha mbele ya kompyuta.

Nianze kwa swali. Ni nani ambaye simu yake imelia tangu tuingie ukumbini, na aliyepiga ni mteja? Inueni mikono. Tazamaneni. Leo ni Jumamosi alasiri. Na ni nani aliyetoka nje kwenda kumjibu? Naona mikono mingi haijashuka.

Nimekuja na jambo moja, na nitalirudia mpaka mlizoee: mpaka kati yako na mteja huwekwa kabla ya kazi. Kabla ya kazi! Huwekwa siku ile mnapozungumza kwa furaha, anapokusifia picha zako, wakati wewe hujapokea shilingi na yeye hajapokea mchoro. Ukingoja mpaka uchoke, ukingoja mpaka ukasirike, utakalolisema siku hiyo mteja atalisikia kama ugomvi, hata ukilisema kwa sauti ya chini.

Kwa nini tuuweke sisi wenyewe? Kwa sababu hakuna atakayetuwekea. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku ya kupumzika kila wiki, likizo ya mwaka yenye malipo, likizo ya ugonjwa, likizo ya uzazi. Ni sheria nzuri. Lakini inamhusu mtu aliyeajiriwa. Wewe ambaye leo unachora nembo ya duka Bondeni na kesho unapiga picha za hoteli Diani, huna mwajiri, una wateja. Mwaka 2022 ulichapishwa mswada wa Seneti wa kumzuia mwajiri asimsumbue mfanyakazi kwa simu na barua pepe baada ya saa za kazi. Wafaransa sheria ya namna hiyo inatumika kwao tangu Januari 2017. Haya, na mswada ule ulimtaja nani? Mfanyakazi na mwajiri wake. Mpiga picha wa kujitegemea hakuwamo. Saa zako za kazi ni zile utakazozitaja wewe. Siku yako ya kupumzika ni ile utakayoitaja wewe. Usipoitaja, mteja ataijuaje?

Najua mnalofikiri, kwa sababu nami nimelelewa hapa hapa. Mwafikiri: mteja ni kama mgeni, na mgeni haambiwi maneno kama hayo. Kumwambia mtu mzima "baada ya magharibi sipokei simu za kazi" ni kukosa adabu. Basi mkitoka hapa piteni Mji wa Kale mkazitazame nyumba. Nje kuna baraza. Kisha mlango mzito wa nakshi. Kisha ukumbi, na ndani kabisa ndiko waliko watu wa nyumba. Aliyekuja kwa biashara aliketi barazani, akaletewa kahawa chungu na kipande cha halua, akazungumza akaridhika, akaenda zake. Ni nani aliyewahi kusema mwenye nyumba hana adabu kwa kuwa hakumpitisha mpaka chumbani? Wazee wetu waliujenga mpaka kwa mawe na chokaa, na ukarimu wao ukasifiwa hadi ng'ambo. Mteja naye mjengee baraza lake. Mpokee vizuri hapo, mhudumie vizuri hapo, lakini ajue mlango uko wapi.

Na nitawaonyesha kwamba wateja wenyewe wanaijua mipaka kuliko sisi. Kuna dada mmoja mpiga picha wa harusi ambaye huitwa sana kwenye kupamba. Hapa hakuna asiyejua kupamba: wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa, bibi harusi amekaa kwenye jukwaa, vidole vimejaa hina. Mama wa bibi harusi alimwita wiki kadhaa kabla. Akamwambia: msaidizi wako awe mwanamke. Atakayezisafisha picha kwenye kompyuta awe mwanamke. Hata picha moja isiende Instagram wala isionyeshwe wateja wengine. Zikishakabidhiwa, zifutwe. Yote hayo aliyasema waziwazi bila kuona haya, na ni haki yake.

Dada yule alimsikiliza mpaka mwisho, akayaandika yote, kisha akasema: "Mama, masharti yako nimeyakubali. Nami ninayo yangu." Nusu ya malipo kabla ya siku ya shughuli. Gari la kumrudisha nyumbani yeye na msaidizi wake, kwa sababu kupamba humalizika usiku mkubwa. Picha zitakuwa tayari baada ya wiki tatu, na katika wiki hizo yeye mwenyewe atapiga simu kila Ijumaa asubuhi kueleza kazi imefika wapi. Siku nyingine mama asihangaike kupiga. Mama akayakubali yote. Mnaona? Mtu anayejua kuweka masharti humheshimu mwenziwe anayejua kuyaweka.

Hebu tukae kidogo kwenye ile simu ya Ijumaa, kwa sababu wengi wetu hatulioni hili. Mteja anayekupigia saa nne usiku, mara nyingi si mtu mbaya. Ni mtu mwenye wasiwasi. Ametoa pesa, tarehe ya harusi inakaribia, au bango la duka linatakiwa, na wewe umenyamaza siku nane. Ukimya wako ndio unaoipiga simu ile! Mteja akijua kwamba Ijumaa saa nne asubuhi atasikia kutoka kwako, hata kama habari yenyewe ni "bado nasafisha picha, niko nusu," usiku atalala. Nawe utalala. Kwa hiyo unapomwambia mteja wakati ambao hupatikani, mwambie hapo hapo wakati ambao utamtafuta wewe. Ukimpa la kwanza bila la pili, umemfungia mlango tu.

Wenye wateja ng'ambo, hili lina uzito zaidi kwenu. Ndugu yetu aliyeko Toronto hutoka kazini, akala, akatulia, akafungua simu saa mbili usiku. Hapa kwetu wakati huo ni saa tisa usiku, na kwao ikiwa majira ya baridi ni saa kumi. Hakukusudia kukuamsha, hakupiga hesabu tu. Mwandikie tangu mwanzo: "Saa zangu za kazi ni hizi, kwa saa za Nairobi, na kwako ni hizi." Umpigie wewe hiyo hesabu. Wa Dubai na Maskati wametutangulia saa moja tu, hao hawana kisingizio.

Sasa tuje kwenye maneno mawili ambayo yamewaliza wengi humu ndani. Maneno gani? "Marekebisho madogo."

Kijana mmoja alipewa kazi ya kuchora menyu ya mkahawa. Wakakubaliana marekebisho matatu, na wakaandikiana. Alifanya vizuri, sivyo? Rasimu ya kwanza mwenye mkahawa akaipenda. Kesho yake mkewe akasema rangi zimepooza. Kesho kutwa mhasibu akasema karatasi ni ghali, kurasa zipunguzwe. Mpishi akatuma ujumbe wa sauti mrefu kwamba bei za samaki na kamba zimebadilika. Mwishowe akaja shemeji, ambaye hakuwahi kutajwa, akataka nembo ikuzwe. Niambieni, hayo ni marekebisho mangapi? Kijana alihesabu manne, akadai ya ziada. Mteja alihesabu moja: "Bado tunaitengeneza ile rasimu ya kwanza." Na wote wawili walikuwa wakweli. Mkataba wao ulitaja idadi ya marekebisho, lakini haukutaja ni nani mwenye kusema.

Basi mimi nawaambia, tatizo kubwa ni idadi ya watu kuliko idadi ya marekebisho. Andika jina. Mtu mmoja kwa upande wa mteja ndiye mwenye kauli ya mwisho. Wengine wote wampe yeye maoni yao, ayakusanye, ayalete kwa maandishi kwa mkupuo mmoja. Huo mkupuo ndio rekebisho moja. Shemeji ana haki ya kutoa maoni, lakini ayapeleke kwa mwenye mkahawa.

Na bei za samaki? Hizo si ubunifu, ni maelezo ya mteja, na yanatakiwa yawe yamekamilika kabla hujaanza kuchora. Kubadilisha rangi ni marekebisho. Kuongeza ukurasa wa vinywaji ni kazi mpya, ina bei yake na siku zake. Mteja akikuomba ukurasa huo usimnunie. Mwambie: "Naam, naweza. Utaongeza kiasi fulani, na kazi itachelewa siku mbili. Niendelee?" Kisha nyamaza umpe nafasi ya kujibu. Wengine watasema endelea. Wengi watasema basi, tuuache. Kwa vyovyote vile hamjagombana.

Nije kwenye pesa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na sisi tulio katika kazi za harusi tunaliona hilo kwa macho. Kabla ya shughuli kila mtu ana furaha. Baada ya shughuli ukumbi umelipwa, biriani imelipwa, mpambaji amelipwa, na aliyebaki ni mpiga picha, kwa kuwa kazi yake ndiyo inayokuja mwisho. Kwa hiyo chukua arbuni, yaani sehemu ya malipo inayotangulia kazi. Hufungui kompyuta kabla ya arbuni. Rasimu mpelekee kwa ukubwa mdogo na jina lako likiwa limepita juu yake, na faili kamili ziondoke kwako siku salio likiingia. Yaandike hayo kwenye mapatano ili mteja asiyasikie kwa mara ya kwanza siku anayokuja kuchukua kazi yake.

Wale wanaofanya kazi na makampuni: kampuni ikikukata asilimia 5 kwenye malipo yako usidhani umeibiwa. Hiyo ni kodi ya zuio ambayo sheria inaitaka ikatwe kwenye ada za kitaalamu na kupelekwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) kwa jina lako. Dai cheti chake, kitakusaidia unapowasilisha ritani ya kodi.

Na mteja akikataa kabisa kulipa? Tunayo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Inasikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000, unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Wabunifu wengi hawaijui, wanabaki kulalamika kwenye makundi ya WhatsApp. Lakini hakimu atakuuliza nini? Mlikubaliana nini, lini, na kiko wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba si lazima uwe kurasa kumi na mbili. Ukurasa mmoja uliotiwa sahihi unatosha, na hata ujumbe wa simu unaosema "kazi ni hii, bei ni hii, siku ni hii," naye akajibu "nimekubali," ni bora mara mia kuliko kupeana mikono.

Sasa naomba mnisikilize sana, kwa sababu hili ninaloingia ndilo lililonileta hapa kuliko yote.

Mchoraji mmoja aliagizwa na kampuni achore picha za kalenda: majahazi, mitaa ya Lamu, wauza mahamri alfajiri. Akalipwa vizuri, kwa wakati, akafurahi. Mwaka uliofuata akaziona picha zake kwenye fulana, kwenye vikombe, kwenye mikoba ya watalii. Akaenda kudai. Alikuwa na uhakika, kwani alikuwa amesoma mtandaoni kwamba mchoraji wa kujitegemea hubaki na hakimiliki mpaka aiuze kwa maandishi. Aliyoyasoma ni kweli. Ni kweli kwa Marekani, kwa kazi nyingi. Ni kweli kwa Uingereza. Kenya je? Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiwa imeagizwa na mtu, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama wenyewe mmekubaliana vinginevyo.

Mmeisikia? Narudia. Usipoandika kitu, kazi uliyoagizwa ni ya mteja. Jahazi lile ulilolichora kwa macho yako, kwa kumbukumbu zako za utotoni, kwa mkono wako, mteja anaweza kulitia kwenye kikombe, kwenye kanga, kwenye tangazo la sabuni, na hana deni kwako. Ukiandika mstari mmoja, "Hakimiliki inabaki kwa mchoraji, mteja anaruhusiwa kuzitumia picha kwenye kalenda ya mwaka huu pekee," mambo yanakuwa mengine kabisa. Mstari mmoja! Na mteja akitaka zote, auziwe zote, kwa bei ya zote. Wale mnaopakua mikataba ya tayari kutoka tovuti za Marekani, tazameni vizuri, nyingi zimeandikwa kwa sheria yao.

Moyo wangu huuma ninapoona vijana wenye vipaji vikubwa wanavyopoteza kazi zao hivi, tena kwa wateja ambao hawakukusudia ubaya wowote.

Tuje nyumbani. Mjomba. Shangazi. Jirani aliyekubeba ulipokuwa mchanga. "Mwanangu, nichoree kadi za harusi ya mdogo wako, wewe si mtaalamu?" Hapa mkataba wa kurasa mbili hautakusaidia, na mimi sitawaambia muwadai wazee wenu kama mnavyoidai hoteli. Lakini amua moyoni kabla hujajibu: ni zawadi au ni kazi? Kati ya hayo mawili usitie la tatu, kwa sababu lile la tatu ndilo linalovunja udugu, pale unapofanya kazi ukitarajia kitu na shangazi akipokea akidhani ni zawadi.

Ikiwa ni kazi, sema bei kwa upole, na punguzo lako ulitaje. Ikiwa ni zawadi, itoe kwa moyo mweupe, lakini iandikie ankara. Ndiyo, iandikie ankara. Bei kamili juu, na chini yake: "Zawadi kwa harusi ya mdogo wangu. Salio: sifuri." Jamaa mmoja hufanya hivyo kila mara, na shangazi zake wakiiona ile ankara wanajua kwa mara ya kwanza kijana wao alitoa nini. Harusi inayofuata wanamwita na bahasha.

Dada zangu, nina neno kwenu, na ndugu zenu wa kiume walisikie pia. Mteja anayetaka mkutane kwake usiku kuzungumzia bango, mteja anayeanza na kazi akaishia kukuuliza umevaa nini, huyo hahitaji kuelimishwa kuhusu saa za kazi. Achana naye. Mikutano iwe mahali penye watu, mchana, na mtu wako mmoja ajue uko wapi. Hakuna nembo, hakuna harusi, hakuna pesa inayostahili usalama wako. Na ninyi vijana wa kiume, mwenzenu akiwaambia mteja fulani anamsumbua, mwaminini, na msiichukue ile kazi aliyoikimbia.

Najua swali lililo vinywani mwenu: "Nikisema yote haya, si ataenda kwa mwingine?" Sitawadanganya. Wengine wataenda. Anayelipa kodi ya nyumba tarehe moja na ana mteja mmoja tu, ni vigumu kwake kusema hapana, na wala simlaumu. Kwa hiyo mpaka wa kwanza kuujenga ni akiba. Katika kila malipo weka kando kiasi, hata kidogo, mpaka uwe na kodi ya mwezi mmoja mfukoni. Utashangaa jinsi sauti inavyotulia mtu anapozungumza na mteja huku kodi ya nyumba iko tayari.

Mahali pa kuanzia ni pepesi. WhatsApp ya biashara ina sehemu ya kuweka ujumbe unaojibu wenyewe nje ya saa za kazi. Andika: "Asante kwa ujumbe wako. Nafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Nitakujibu saa hizo, inshallah." Wateja wapya waanze na ukurasa wako mmoja wa mapatano. Wale wa zamani msiwageuzie ghafla, waandikieni kwamba kuanzia tarehe moja ya mwezi ujao utaratibu utakuwa huu, na muwashukuru kwa kazi walizowapa. Ukurasa wa mfano uko kwenye meza ile karibu na mlango. Chukueni, na ule mstari wa hakimiliki msiufute.

Nimemaliza upande wangu. Naona dada wa safu ya tatu ameinua mkono muda mrefu. Karibu dada, uliza.